Somo la Jiografia: Safari ya Barbados na Milango ya Njiani



Mwezi Juni mwaka 2024 timu ya Uganda ya kriketi ilishiriki kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la ova 20. Mashindano yale yalichezwa Marekani na katika nchi za Karibi. Vijana wetu walicheza Guyana na Trinidad, na huko Guyana waliwashinda Papua New Guinea. Siku zile wanafunzi wa kidato cha tatu walinijia na ramani, wakaniuliza, "Mwalimu, mtu wa kwetu akitaka kwenda kupumzika katika visiwa hivi, hufanyaje?" Niliwajibu kwa kifupi, nikaahidi kuandika somo kamili. Deni halifungi mtu, lakini humnyima usingizi. Basi leo nalilipa.

Tena ninayo sababu nyingine ya kuandika. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga mizigo kwenda huko, nikarudi nyumbani jioni ile ile. Kisa hicho nitakieleza mbele, maana mmoja wenu aweza kuokoa fedha zake kwa kukisoma.

1. VISIWA HIVI NI VYA NANI?

Tazameni ramani kati ya Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini. Mtaona safu ya visiwa iliyopinda kama upinde, kutoka Cuba hadi Trinidad. Mwaka 1492 Columbus alifika huko akadhani amefika Bara Hindi, na kosa lake limebaki katika jina: hata leo Waingereza huviita Visiwa vya Hindi vya Magharibi.

Kosa la kwanza la msafiri ni kudhani kwamba Karibi ni nchi moja. Sivyo. Jamaica, Barbados, Trinidad na Tobago, Grenada na vingine ni nchi huru, kila moja na sheria zake. Martinique na Guadeloupe ni mikoa ya Ufaransa tangu mwaka 1946. Aruba na Curaçao vimo katika Ufalme wa Uholanzi. Puerto Rico iko chini ya Marekani tangu mwaka 1898. Kiko hata kisiwa kimoja kidogo, Saint Martin, ambacho upande mmoja ni wa Ufaransa na upande wa pili ni wa Uholanzi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nauli, uliza bendera. Mtu anayekwenda Puerto Rico hutafuta viza ya Marekani. Anayekwenda Martinique huomba kwa Wafaransa, na tena asidhani kwamba viza ya kutembelea Paris inatosha. Viza ya mikoa ile ya mbali sharti iandikwe kwamba yafaa huko. Anayekwenda Jamaica huwauliza Wajamaica wenyewe.

Ili somo letu lisitapakae, tutachukua kisiwa kimoja, Barbados, kwa kuwa ndicho nikijuacho.

2. KISIWA CHENYEWE

Barbados iko mashariki kabisa ya visiwa vile, karibu digrii 13 kaskazini ya Ikweta na digrii 59 magharibi. Ni kisiwa kidogo: eneo lake ni kilomita za mraba 431 tu. Pemba yetu ya pwani ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Urefu wake ni kilomita 34, na kilima kirefu kuliko vyote hakifiki mita 350. Wakazi wake ni kama 280,000, na mji mkuu ni Bridgetown.

Waingereza walianza kukaa huko mwaka 1627. Walilima miwa, na kwa kazi ya miwa walileta watu kutoka Afrika ya Magharibi kwa nguvu, wakawa watumwa. Sheria ya kuwaachia ilianza mwaka 1834, lakini walizuiliwa kwa mabwana zao kwa jina la "wanagenzi" mpaka mwaka 1838. Wengi wa wenyeji wa leo ni wajukuu wa watu wale. Nchi ilipata uhuru tarehe 30 Novemba 1966, na tarehe 30 Novemba 2021 ikawa jamhuri. Kumbukeni habari hizi mtakapofika huko, msije mkadhani kisiwa ni mchanga mweupe na minazi tu. Makaburi ya watumwa yamo humo pia.

Sasa, kisiwa chenyewe hudai nini kwa mgeni? Hudai pasipoti nzuri ambayo haijakaribia kwisha. Yafaa iwe imebakiza miezi sita au zaidi. Hudai tiketi ya kurudi. Hudai kujua utalala wapi, yaani anwani ya hoteli au ya mwenyeji wako, na kwamba unazo fedha za kujitunza. Fomu ya kuingia hujazwa kwa intaneti siku chache kabla ya kufika. Kuhusu viza, raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Madola hawadaiwi, na mimi kwa pasipoti ya Uganda sikudaiwa. Lakini si nchi zote za Jumuiya zilizopewa ruhusa hiyo, na jirani zetu wa Kongo na Burundi hawamo katika Jumuiya. Kila mtu aulizie pasipoti yake mwenyewe, asiulizie ya rafiki yake. Sheria hizi hubadilika, na jibu la mwaka jana laweza kuwa uongo mwaka huu.

3. MILANGO YA NJIANI

Hapa ndipo nilipoanguka, basi nisikilizeni vizuri.

Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja katika shule hii alipata kazi ya ualimu Bridgetown. Aliniandikia nikakae naye likizo ya Desemba. Niliweka akiba miaka miwili. Niliuliza, "Je, Mganda adaiwa viza Barbados?" Nikajibiwa, "Hadaiwi." Nilifurahi, nikanunua tiketi siku ile ile: Entebbe hadi Nairobi, Nairobi hadi London, London hadi Bridgetown. Mama watoto alifuma kikapu cha kumpelekea mwenyeji wangu. Majirani walikuja kuniaga, wakaniombea dua.

Tulipofika penye mizani ya mizigo, kijana wa kampuni ya ndege aliitazama pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa. Kisha akasema kwa adabu, "Mzee, naomba viza ya kupitia Uingereza." Nikamwambia, "Mwanangu, mimi siendi Uingereza, nakwenda Barbados." Akanijibu, "Najua, Mzee. Lakini unapita kwao."

Basi safari ikaishia hapo. Nilirudi na kikapu changu. Kodi za viwanja nilirudishiwa. Nauli yenyewe ikapotea. Kesho yake watoto wa jirani waliniuliza kama Barbados ni karibu hivyo.

Kijana yule sikumlaumu, wala nisingeweza. Kampuni ya ndege ikimpeleka mtu asiye na hati zinazotakiwa, hutozwa faini, tena hulazimika kumrudisha alikotoka. Kosa lilikuwa langu, maana niliuliza nusu ya swali. Niliuliza habari za mlango wa mwisho, nikasahau milango ya njiani.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu hadi Barbados. Hapana budi kupita nchi nyingine, na kila nchi ina desturi yake kwa wapitao:

(a) Uingereza. Raia wa Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo hudaiwa viza ya kupitia, hata ikiwa hawatoki nje ya kiwanja cha ndege, isipokuwa wale wenye hati fulani zilizotajwa katika sheria yao. Tena viza hizo ni za namna mbili. Iko ya mtu anayebadili ndege ndani ya kiwanja bila kupita kwa maofisa wa uhamiaji, na iko ya mtu anayepita kwa maofisa hao. Jueni kwamba London ina viwanja zaidi ya kimoja. Ukishukia Heathrow na ndege yako ya pili inaondoka Gatwick, hapana budi kutoka nje na kusafiri kwa barabara. Basi viza ya kwanza haitakufaa.

(b) Marekani. Hawa hawana desturi ya mtu kukaa ndani ya kiwanja akingoja ndege bila kukaguliwa. Kila apitaye huingia kwanza nchini mwao. Mtu wa kwetu sharti awe na viza, hata kama atakaa saa mbili tu. Kuipata kwaweza kuchukua miezi mingi, kwa sababu ya foleni ya mahojiano.

(c) Nchi za Ulaya bara. Nyingi huwaruhusu watu wa mataifa mengi wabadili ndege ndani ya kiwanja bila viza, lakini yapo mataifa yaliyotolewa katika ruhusa hiyo. Kongo ya Kinshasa ni mojawapo, na Ethiopia pia.

Jambo jingine la kuangalia ni tiketi. Ukinunua tiketi moja ya njia yote, mizigo yako kwa kawaida huhamishwa na wenye ndege. Ukinunua tiketi mbili mbali mbali kwa ajili ya rahisi, huenda ukalazimika kuichukua mizigo yako katikati ya njia na kuipeleka upya, na kufanya hivyo ni kuingia nchi ya watu. Zaidi ya hayo, ndege ya kwanza ikichelewa, wenye ndege ya pili hawana deni kwako. Rahisi huweza kuwa ghali.

4. KADI YA MANJANO

Mlango wa tatu ni wa afya, nao una historia inayotuhusu sana.

Barbados, Jamaica na visiwa vingine vingi humdai mtu atokaye Uganda, Kenya, Kongo au nchi nyingine yenye homa ya manjano cheti cha chanjo. Hata mtoto aliyetimiza mwaka mmoja hudaiwa. Sindano sharti ipigwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Iliyopigwa jana haihesabiwi. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Hata kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 haihitaji kupigiwa sindano mpya.

Wengine huudhika, husema, "Mbona watuona sisi wagonjwa?" Tusiudhike kabla ya kujua. Homa ya manjano ilitoka Afrika, pamoja na mbu wake, katika mapipa ya maji ya majahazi yaliyobeba watumwa. Mwaka 1647 ilizuka Barbados ikaua watu wengi sana. Biashara ile ya aibu ndiyo iliyouvusha ugonjwa bahari. Mwaka 1881 daktari wa Cuba, Carlos Finlay, alisema kwamba mbu ndiye anayeuchukua, na watu wengi hawakumsadiki. Mwaka 1900 madaktari wa Marekani chini ya Walter Reed walithibitisha huko huko Cuba kwamba alisema kweli.

Chanjo yenyewe ilitengenezwa mwaka 1937 na Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Na hapa kwetu, Entebbe, chuo cha kuchunguza homa ya manjano kilianzishwa mwaka 1936; ndicho hiki tukiitacho leo Chuo cha Uchunguzi wa Virusi. Wachunguzi wake walipokuwa wakiitafuta homa ya manjano mwaka 1947, walikuta kirusi kigeni katika damu ya kima aliyewekwa msitu wa Zika. Miaka karibu 70 baadaye, kirusi hicho cha Zika kilienea Amerika na visiwa vya Karibi, kikichukuliwa na mbu yule yule.

Mbu huyo yuko Barbados hata leo. Akimwuma mgonjwa mmoja aliyeshuka ndege, aweza kuambukiza mtaa mzima. Kisiwa cha watu 280,000 hakina mahali pa kukimbilia. Ndiyo maana huomba kadi. Basi itieni ndani ya pasipoti, msiitie katika sanduku linalopakiwa chini ya ndege. Na kwa kuwa mbu yule pia huleta dengi, ambayo chanjo hii haiizuii, chukueni dawa ya kujipaka na nguo za mikono mirefu.

5. MAJIRA YA TUFANI

Sisi tunaokaa penye Ikweta hatujui tufani kubwa za bahari. Sababu ni hii: tufani hulishwa na maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 au zaidi, lakini huzungushwa na mzunguko wa dunia. Karibu na Ikweta nguvu ya kuzungusha ni hafifu mno, kwa hiyo tufani haiwezi kujisuka. Kwenye digrii 13 nguvu hiyo yatosha.

Majira yake katika Karibi huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 30 Novemba, na miezi mibaya zaidi ni Agosti, Septemba na Oktoba. Walakini tufani haisomi kalenda. Fainali ya kombe lile la kriketi ilichezwa Bridgetown tarehe 29 Juni 2024, na India ikashinda. Mara baada yake tufani iliyoitwa Beryl ilipita kusini ya Barbados, ikavunja mashua za wavuvi. Tarehe 1 Julai ilikipiga kisiwa cha Carriacou cha Grenada, ikabomoa karibu kila nyumba. Kiwanja cha ndege cha Barbados kilifungwa, na mabingwa wa dunia wakabaki hotelini na kombe lao wakingoja ndege.

Nauli na vyumba hushuka bei katika majira hayo, na sasa mnajua kwa nini. Miezi mikavu ni Desemba hadi Mei. Ndiyo ya bei ya juu. Mwenye mfuko mdogo aweza kuchagua Mei au mapema Juni. Akichagua Septemba, afanye bima ya safari, asome vizuri kama inataja tufani.

6. FEDHA, NGUO NA SAA

Fedha ya huko ni dola ya Barbados. Tangu mwaka 1975 dola mbili za Barbados ni sawa na dola moja ya Marekani, basi hesabu ni nyepesi. Shilingi zetu msizitegemee. Badilisheni kabla ya kuondoka.

Jambo hili wengi hawalijui: katika Barbados ni kosa la sheria raia kuvaa nguo za madoadoa kama ya askari, hata mtoto. Kofia, suruali, mfuko, vyote vimo. Kama unayo shati ya namna hiyo, iache nyumbani. Usichukue matunda, mimea wala nyama mbichi bila ruhusa. Ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho lako.

Magari hupita kushoto kama kwetu. Umeme wao ni wa volti 115, na soketi zao ni za namna ya Marekani, hivyo chukua kiunganishi na utazame kama chombo chako chakubali umeme huo. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa saba: Kampala ikiwa saa kumi na mbili jioni, Bridgetown ni saa tano asubuhi.

7. UTARATIBU WA KUJIANDAA

Mwaka wa pili nilianza upya, na utaratibu wangu ulikuwa huu:

Miezi sita kabla: tazama pasipoti. Chagua kisiwa na mwezi. Andika katika karatasi kila nchi ambayo mguu wako utakanyaga, hata kwa saa moja, na mbele ya kila jina andika hati inayodaiwa.

Miezi minne kabla: omba viza za njiani. Usinunue tiketi isiyorudishiwa fedha kabla ya kuzipata. Andika mpango wa safari tu.

Miezi miwili kabla: nunua tiketi, moja ya njia yote ikiwezekana. Piga chanjo.

Wiki mbili kabla: uliza tena kila jambo, maana sheria hubadilika. Fanya bima. Piga nakala za hati zote, moja umwachie mtu nyumbani.

Siku tatu kabla: jaza fomu ya kuingia. Weka pasipoti, kadi ya manjano, tiketi ya kurudi na anwani ya mwenyeji katika mfuko mmoja usiotoka mkononi.

Penye mizani nilimkuta kijana yule yule. Alifunua pasipoti, akaiona viza, akacheka akasema, "Leo Mzee umejibu maswali yote." Kikapu kilifika Bridgetown, na mwenyeji wangu amekitundika ukutani.

Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kuuliza nusu ni hasara. Katika jiografia ya shuleni mstari mmoja watosha kuunganisha miji miwili. Katika jiografia ya msafiri, kila inchi ya mstari ule ina mwenyewe.

MASWALI

1. Taja visiwa viwili vya Karibi ambavyo ni nchi huru, na viwili visivyo huru. Kila kimoja utaomba ruhusa kwa nani?
2. Mkongo wa Kinshasa ataka kwenda Barbados kwa kupitia Ulaya. Orodhesha mambo atakayouliza kabla ya kununua tiketi.
3. Kwa nini tufani kubwa hazitokei karibu na Ikweta?
4. Ndege yatua Bridgetown saa tisa alasiri. Kampala ni saa ngapi?
5. Mtu alipigwa sindano ya homa ya manjano tarehe 3 Desemba. Siku ya kwanza ambayo cheti chake chafaa ni ipi?
6. Eleza kwa nini kisiwa kidogo kina haki ya kudai kadi ya manjano. Je, ungekuwa wewe ofisa wa kisiwa, ungefanya vingine?